Kobe Aliyekwanguliwa

Mtaa mzima ulimwita Msasa, na wachache tu ndio waliokumbuka kwamba alikuwa na jina jingine. Wapo waliosema sababu ni viganja vyake: miaka thelathini ya kusugua mbao ilikuwa imevifanya vikwaruze hata leso. Wapo waliosema la, sababu ni ulimi. Mwenyewe akiulizwa alijibu, "Vyote viwili. Ukiponea kimoja, kingine hakikukosi."

Mtaa wenyewe ulikuwa mwembamba, wa mawe yaliyolika katikati kwa nyayo, katika ile sehemu ya mji ambayo serikali ilikuwa imekataza mtu kubomoa hata dirisha. Maduka yalipangana bega kwa bega: la zawadi, la picha, la manukato, la mazulia, la zawadi tena. Duka alilofanyia kazi Msasa lilikuwa la tatu kutoka kona, na kibao chake kilisema kwa herufi za dhahabu: VITU VYA KALE. Mwenye duka, kwa kuwa neno hilo halikumtoka mdomoni, aliitwa Mzee Kale.

Mbele ya duka kulikuwa kwa wageni. Kengele ililia mlango ukifunguliwa, taa ilikuwa hafifu makusudi, na saa za ukutani zilipingana kama ndugu wanaogombea shamba. Nyuma, ukivuka pazia zito, ndiko kulikokuwa na chumba cha Msasa: meza ndefu, kiti kisicho na egemeo, dirisha moja lililotazama ukuta wa jirani, na harufu ya nta na siki ambayo haikumtoka hata akioga mara tatu.

Kwa jina, kazi yake ilikuwa kukarabati. Na kweli alikarabati: aliunga miguu ya viti, alibadilisha bawaba, alijaza nyufa. Lakini kazi iliyompa heshima ilikuwa nyingine, isiyoandikwa popote. Ilikuwa kuzeesha. Meza iliyotoka kwa seremala juzi iliingia kwake kijana ikatoka babu. Aliipaka siki aliyolowekea misumari yenye kutu, mbao zikageuka rangi kama zimekaa juu ya moshi tangu enzi za mababu. Aliipiga kwa mnyororo, taratibu, na si kila mahali. Alijua meza huumia pale watu wanapokaa, si pale inapoegemea ukuta. Alitoboa vitundu vya fukusi kwa sindano, wala hakuvipanga mstari, "maana mdudu hajaenda shule." Halafu vumbi la barabarani, lililochekechwa, lilisuguliwa ndani ya nakshi, nta juu yake, kitambaa, na basi.

Hakujiona mwongo. Mwongo ni anayesema, na yeye hakusema neno. Waliosema walikuwa mbele, chini ya taa hafifu.

"Mgeni hanunui kiti," Mzee Kale alipenda kumwambia. "Viti viko kwao. Ananunua hadithi ya kukalia."

Msasa alikuwa na mume, seremala, ambaye watu walimwita Fundi Kobe. Jina hilo alipewa na wateja waliochoka kungoja. Ukimwagiza mlango mtoto wako akiwa anatambaa, ulikuja kuuchukua mtoto akiwa anaweza kuufunga kwa kishindo. Hakukasirika. Aliupokea utani kama alivyopokea kila kitu, kwa kunyamaza, kisha akaanza kuchonga kobe mdogo kama punje ya haragwe chini ya kila kazi aliyoipenda. Si kila kazi. "Mlango wa choo siuwekei kobe," alisema, na hiyo ilikuwa hotuba yake ndefu ya wiki hiyo. Mkewe ndiye aliyeongea kwa niaba ya wawili.

Walikuwa na binti mmoja. Alipotimiza miaka tisa, baba yake alianza kumtengenezea kasha. Halikuwa kubwa; lilikaa juu ya mapaja ya mtu mzima bila kumlemea. Lilikuwa na droo ndogo saba mbele, kila moja na nakshi yake, na ya nane iliyojificha nyuma ya ile ya tatu, ambayo hukuipata mpaka uonyeshwe. Alilifanyia kazi miezi kumi na minne, baada ya kumaliza kazi za watu, na kila alipoliacha alilifunga ndani ya gunia, mtoto asilione kabla ya siku yake.

Mara moja patasi ilimponyoka ikapasua ubao wa ndani wa ile droo ya siri. Alitafuta kipande chembamba, kigumu, kilichokauka sawasawa, cha kuzibia ufa. Karakana nzima haikuwa nacho. Alikikuta kwenye mkoba wa shule wa bintiye: rula. Akakata kipande, akakibandika kwa gundi, akafunika kwa kitambaa chekundu cha bitana. Kesho yake binti aliadhibiwa darasani kwa kukosa rula, akarudi nyumbani analia njia nzima. Baba yake alicheka hadi akakohoa, akamnunulia mbili mpya. Rula ilikwenda wapi, hakusema. Alijua mkewe tu.

Kasha lilipokamilika, macho ya Fundi Kobe yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Kwanza alikosa mstari wa penseli. Halafu akakosa msumari. Daktari akasema apasuliwe, na upesi. Nyumba ya seremala mwenda pole na mkewe msugua mbao haina akiba ya mambo ya upesi.

Mzee Kale alikuja kumjulia hali mgonjwa. Akaketi, akanywa chai, akaliona juu ya kabati gunia lenye kona nne zilizonyooka. Alilishusha mwenyewe. Alifungua droo moja baada ya nyingine, na Msasa, aliyemjua bosi wake, akajua kasha limeshakwenda.

"Kwa hili nitalipia upasuaji wote," Mzee Kale alisema. "Na dawa."

Fundi Kobe aligeuza uso ukutani. Chai ikapoa. Halafu akasema, "Chukua. Lakini kobe wangu abaki."

"Abaki, abaki," Mzee Kale akaitikia, kama mtu anayeulizwa kama anaongezewa sukari.

Siku ya tatu kasha lilikuwa juu ya meza ya Msasa, nyuma ya pazia. Mzee Kale alisimama kando akizungusha funguo kidoleni.

"Mama, kazi unaijua. Miaka mia mbili, hivi. Na huyu mdudu wa chini mtoe."

"Si mdudu, ni kobe. Na uliahidi."

"Niliahidi mgonjwa. Mgonjwa huahidiwa." Akashusha sauti. "Fikiri mwenyewe. Kasha la miaka mia mbili, lina alama ya fundi ambaye nusu ya mji bado inamngoja alete milango? Nitaliuza kama kasha la juzi basi, kwa bei ya juzi. Chagua wewe: macho au kobe."

Msasa alibaki peke yake na lile kasha. Alilipindua. Kobe alikuwa kwenye kona, amenyoosha shingo. Akachukua kipande cha kioo kilichovunjika, ambacho hukwangua mti vizuri kuliko chuma chochote, akaanza. Ilimchukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Unga wa mti ulimwangukia mapajani, akaupangusa, kisha akafungua chupa ya siki.

Wiki iliyofuata mumewe alikuwa kitandani, bandeji machoni. "Umemwacha kobe wangu?" akauliza.

"Nimemwacha."

"Nipeleke dukani nimguse kabla hawajaliuza."

"Limeshauzwa," alisema Msasa. Kasha lilikuwa bado dirishani mwa duka, na lilikaa pale wiki sita zaidi.

Upasuaji haukufaa kitu. Fundi Kobe aliishi miaka miwili gizani, amekaa mlangoni, akisugua vipande vya mbao ambavyo mkewe alimletea ili mikono yake isikae bure. Mtu akija kumtazama, na hasa bintiye akikaa karibu naye, alikuwa na sentensi moja: "Ipo siku mtu atalipindua lile kasha, aone lilitoka kwa nani." Kila alipoanza kuisema, Msasa aliinuka kwenda kuangalia chungu jikoni, hata kama hakukuwa na chungu. Mpaka anakufa, mume hakujua.

Ikapita miaka kumi na mitano tangu kasha liuzwe. Mzee Kale naye akafa, akamwachia duka mwanawe, kijana wa miwani aliyesomea biashara. Mtaa ukamwita Mrithi. Mrithi hakujua nta na siki zinaingiaje kwenye mbao, lakini alijua kutokuuliza. Msasa akaendelea na mnyororo wake na sindano yake.

Binti alikua, akasomea lugha, akaajiriwa kuongoza wageni katika jumba la makumbusho, mwendo wa dakika kumi kutoka mtaani. Msasa hakuwahi kuingia humo. "Vikongwe nimeviona vya kutosha," alisema. "Vingine nimevizaa mwenyewe." Lakini binti alipokabidhiwa ukumbi mpya, aling'ang'ania.

"Njoo unisikie, mama. Njoo kama mgeni. Sitakutambua."

Basi akaenda, amevaa gauni lake zuri, akajipenyeza mwisho wa kundi. Binti alikuwa mbele, mgongo umenyooka, sauti imekunjuka, na Msasa akajaa fahari hadi akasahau kusikiliza maneno. Wakapita ukumbi wa kwanza. Wakaingia wa pili. Katikati, ndani ya sanduku la kioo, chini ya taa iliyotengenezwa kwa ajili yake, lilikuwa kasha la mumewe.

Hakuhitaji kuangalia mara mbili. Kila jeraha la lile kasha alilitia yeye.

"Na hili," binti alisema, "ndilo ninalolipenda kuliko vyote humu. Tulilipokea mwaka jana, kwa wosia wa mama mmoja aliyekuwa akikusanya vitu vya kale. Lina miaka mia mbili. Tazameni hizi nakshi: hakuna droo mbili zinazofanana. Fundi wake hajulikani. Hatujui aliishi wapi, wala kama alikuwa na familia. Mimi hupenda kuwaza kwamba alikuwa na mtoto. Kazi ya namna hii mtu hamfanyii mteja."

Mgeni mmoja akapiga picha. Mwingine akasema, "Kweli kabisa." Msasa akarudi kinyumenyume hadi mlangoni.

Binti alimfuata nyumbani alipotoka kazini. "Mama, mbona ulitoroka? Niliharibu?"

"Kaa," Msasa akasema. Kisha akamwambia lile kasha ni la nani.

Binti alicheka kwanza. "Mama, lina hati! Ya zamani, ina mhuri, karatasi imeshakuwa rangi ya—"

"Ya chai. Niliilowesha mimi, nikaikausha juani kwenye bati."

Kicheko kikakatika. Msasa akamsimulia yote, kwa mara ya kwanza maishani akitafuta maneno: gunia, macho, daktari, patasi iliyoponyoka, rula. Aliposema rula binti alifunika mdomo. Alikumbuka fimbo ya mwalimu, alikumbuka kicheko cha baba yake.

Halafu akakumbuka jambo jingine. "Baba alisema lina kobe chini. Kila siku alisema. Lile tumelipindua, mama. Mimi mwenyewe nililishika wakati wanalipiga picha. Halina kobe."

"Lilikuwa naye."

"Akaenda wapi?"

"Nilimkwangua."

Binti alimtazama. "Na baba?"

"Nilimwambia yupo."

Kulikuwa na uji jikoni na ukaungua, na hakuna aliyeinuka. Hatimaye binti alichukua mkoba wake. "Mimi nilikaa naye pale mlangoni," alisema. "Nilikuwa nikimwambia, ndiyo baba, ipo siku. Ulikuwa unatusikia."

"Nitarekebisha," Msasa akasema. "Nitakwenda kwa wakubwa wako niwaambie. Waandike jina lake."

"Usiende."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wakijua ni la juzi watalitoa."

"Walitoe kwa nini? Kasha si lile lile? Droo si zile zile? Wewe mwenyewe umesema unalipenda kuliko vyote."

Binti alitikisa kichwa tu, akaondoka.

Asubuhi Msasa alimweleza Mrithi kwanza, maana alikula kwake na hakutaka kumsengenya. Mrithi alifunga mlango wa duka na kugeuza kile kibao cha TUMEFUNGA, mchana kweupe.

"Mama yangu, tulia. Unataka nini? Sema tu."

"Nataka jina lake liandikwe."

"Ukimtaja yeye umemtaja marehemu baba. Umenitaja mimi. Umejitaja wewe! Nani aliyezeesha? Mimi hata msumari siujui upande wa kuupiga."

"Hilo najua."

"Na si duka hili peke yake. Kasha moja likiwa la uongo, kesho wageni watashuku kila kikombe mtaa mzima. Yule wa mazulia pale ana watoto sita. Utawalisha wewe?"

Hakuwa mtu mbaya, na ubaya wa maneno yake ni kwamba yalikuwa ya kweli. Alimpa siku mbili afikiri. Msasa alifikiri njiani tu, kati ya dukani na makumbusho, na dakika kumi zikamtosha. Alikuwa ametii miaka thelathini. Macho hakuyaokoa, na kobe hakumwokoa.

Mtunzaji wa makumbusho alikuwa mwanamume mpole mwenye glavu nyeupe za pamba, aliyevishika vitu kwa upendo ambao watu hawakuupata. Alimkaribisha Msasa kwa heshima kwa sababu ya bintiye, akamsikiliza akitabasamu.

"Mama, kasha lile nimelichunguza miezi mitatu. Nimeandika makala juu yake."

"Droo ya nane uliiona?"

"Ziko saba, mama."

"Itoe ya tatu. Ingiza kidole hadi mwisho, bonyeza juu, upande wa kushoto."

Tabasamu halikuondoka usoni kwake, ila lilikauka. Akamwongoza hadi ukumbi wa pili, ambao wageni walikuwa hawajaingia. Akafungua kioo, akatoa droo ya tatu, akaingiza kidole. Kitu kikalia tik, na droo ndogo ikatoka kama ulimi. Mtunzaji akashusha pumzi kwa furaha kama mtoto.

"Ajabu! Hii itabidi niiandike pia."

"Ibandue hiyo bitana."

"Bitana ya miaka mia mbili? Haiwezekani."

"Ibandue, mwanangu. Ni ya juzi. Mabaki ya kitambaa cha pazia langu."

Alitumia kibano, akaivuta polepole. Chini yake palikuwa na kipande cha mbao cha njano, chenye vistari vyeusi vilivyopangwa sawasawa, na tarakimu: saba, nane, tisa. Ukingoni, herufi mbili ndogo: sm.

Mtunzaji alivitazama muda mrefu. Kisha akavua glavu, kidole kimoja baada ya kingine, akazitia mfukoni. Hazikuwa na kazi tena.

"Sasa andika," Msasa akasema. Akataja jina kamili la mumewe, na herufi zake, moja moja, kama mtu anayemwandikisha mtoto shule. "Andika pia kwamba alikuwa akiitwa Kobe."

Mtunzaji hakushika kalamu. "Mama," alisema, "unajua umenifanyia nini?"

Kesho yake ukumbi wa pili ulifungwa. Ulipofunguliwa, sanduku la kioo lilikuwa tupu, na baada ya wiki likawekwa birika la shaba. Makala ya Mtunzaji ikaondolewa kimya kimya. Kasha lilipelekwa stoo ya chini likafungwa kikaratasi kilichoandikwa BANDIA. Watoto wa yule mama mkusanyaji wakaleta mawakili, Mrithi akaleta wake, wakakaa ndani ya chumba mara tatu na kutoka wameelewana: duka litalipa, na hakuna atakayesema lolote nje. Jina la fundi halikutajwa hata na upande mmoja. Halikuwa na faida kwa mtu.

Msasa alikwenda kwa wakili wa makumbusho. "Kama ni takataka, nipeni mimi. Nitalibeba mwenyewe."

"Haiwezekani, mama. Ni ushahidi."

"Wa nini?"

"Wa udanganyifu." Wakili aligeuza karatasi zake, si kwa ubaya. "Na kwa ushauri wangu usiliulizie tena. Mtu pekee anayetajwa kwamba alifanya kazi ile kwa mikono yake ni wewe."

Dukani hakurudi, wala hakuitwa. Mrithi alipaka rangi kibao kikawa ZAWADI NA MAPAMBO, akauza vikombe vyenye picha ya mtaa. Habari ilivuja, kama kawaida ya habari; kwa miezi kadhaa wageni walishika vitu madukani, wakavinusa, wakavirudisha. Yule wa mazulia akafunga. Msasa alipopita, watu ambao aliwaungia viti bure wakaanza kuwa na shughuli ndani. Mama wa manukato peke yake ndiye aliyemwambia usoni: "Miaka yote hiyo ulikula na sisi. Ukashiba, ukamwaga sufuria."

Msasa, mwenye ulimi wa kukwaruza, alimwamkia tu, akapita.

Binti alihamishiwa dirisha la tiketi, "kwa muda." Alikuja kwa mama yake siku za mapumziko, akaleta mboga, akafagia, akauliza habari za magoti. Hawakugombana. Mara moja tu, akikunja nguo, alisema bila kuinua kichwa: "Pale walikuwa wanalitazama, mama. Watu mia mbili kwa siku. Mtu mmoja kutoka mbali alilia mbele yake, nilimwona. Sasa nani analitazama? Panya?"

"Lakini halikuwa na jina lake."

"Na sasa linalo?"

Mwezi wa nane Mtunzaji alimwita. Alikuwa amekonda, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba huku akitumaini kunyimwa. Wakubwa wake walitaka kuhakikisha. Vitu vingine kadhaa katika kumbi vilipitia lile duka. Je, Msasa angekubali kupita navyo, kimoja kimoja, aseme kipi ni cha kweli? Hatashitakiwa; kuna barua.

Walianza asubuhi, kabla ya wageni. Alimpitisha mbele ya viti, makabati, masanduku, na mengi yalikuwa ya kale kweli, na Msasa alisema hivyo. Mezani kulikuwa na sinia ya mbao yenye mpasuko ukingoni. Aliujua ule mpasuko. Aliutia mwenyewe kwa patasi na kuujutia, ulikuwa mrefu mno.

"Hii?" Mtunzaji akauliza, kalamu tayari.

Msasa alifikiria stoo ya chini na kikaratasi. "Ya kale hiyo," akasema.

Kigoda cha miguu mitatu: "Cha kale."

Wakamalizia ukumbi wa kwanza. Ukutani, karibu na mlango wa kuingilia, ilining'inia fremu ya kioo iliyozungukwa na majani ya kuchongwa, membamba hivi kwamba ungesema upepo ukivuma yatatikisika. Fundi Kobe aliichonga mwaka walipooana, kabla watu hawajampa lile jina, kwa hiyo haikuwa na alama yoyote. Walimuuzia Mzee Kale walipopata mtoto. Kwenye jani moja la chini palikuwa na kosa dogo, mshipa wa jani umekwenda kombo, kwa kuwa siku hiyo mkewe alimchekesha. Msasa alisogea hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Mama? Hii vipi?"

"Ya kale."

"Una uhakika?"

"Tazama hivi vitundu. Sindano haiwezi hivi. Hawa ni fukusi wa kweli." Sindano yenyewe bado alikuwa nayo nyumbani.

Mtunzaji alishusha pumzi. Hakuuliza tena, hilo ndilo jibu alilolitaka tangu mwanzo, na wote wawili walijua. Aliandika, akampa karatasi atie sahihi, akamshukuru kama mtu aliyepona.

Msasa alitoka kupitia mlango wa mbele. Milango ilikuwa imeshafunguliwa na foleni imeanza. Binti alikuwa nyuma ya dirisha lake, anachana tiketi. Alimwona mama yake, akasimamisha mkono.

"Mmemaliza?"

"Tumemaliza."

Mgeni wa mbele alikohoa. Binti aliinama karibu na tundu la kioo, akapunguza sauti. "Kulikuwa na kingine cha baba?"

Msasa alitazama vile vidole, virefu, vya polepole, ambavyo havikutoka upande wake. Kumwambia kulikuwa pale pale, kwenye ncha ya ulimi. Lakini binti asingeweza kukaa na neno kama hilo kila siku nyuma ya dirisha lile. Angemwambia mtu, kwa mapenzi tu, na kufikia mwisho wa wiki ukuta ungekuwa mtupu.

"Hakuna," alisema.

Binti aliitikia kwa kichwa. Alimchania mgeni tiketi yake, akanyoosha mkono kumwonyesha ukumbi wa kwanza. "Anzia pale," akamwambia. "Mlangoni, upande wa kushoto, kuna kioo chenye majani ya kuchongwa. Wengi hukipita tu."